Kwa nini mawe ya Olorgesailie hayafai kuokotwa

WAKAZI wa Kitengela wanaopenda kuzuru mahali pa kale si lazima wasafiri hadi Fort Jesus, Mombasa. Katika kaunti yao ya Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi, ipo Olorgesailie, palipokaliwa na binadamu wa kale kabla ya ngome yoyote kujengwa duniani.

Safari hupitia Kiserian na Kona Baridi, ambapo barabara huanza kuteremka Bonde la Ufa na joto kuongezeka. Katika kituo hicho cha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, mgeni hupita kwenye ujia wa mbao akitazama mamia ya mashoka ya mawe yaliyoachwa palepale yalipopatikana. Mary na Louis Leakey walianza kuyachunguza mwanzoni mwa miaka ya 1940.

Zamani hapa palikuwa na ziwa. Matope yake na majivu ya volkano yalizifunika zana hizo, tabaka juu ya tabaka. Majivu hayo ndiyo huwawezesha wataalamu kukadiria umri: zana kongwe zina takriban miaka milioni 1.2.

Mwaka 2018, watafiti walieleza kuhusu vifaa vya kioo cheusi cha volkano vya zaidi ya miaka 300,000, vilivyotoka mbali. Dalili kwamba jamii zilibadilishana mali.

Ugunduzi huo uliwezekana kwa kuwa tabaka la kila kipande lilijulikana. Atiaye kimoja mfukoni hubeba jiwe tupu. Historia yake huwa ameifuta.