Hush, Hush: malaika sawa, lakini mapenzi gani haya?

Wadau, kama mlimaliza Twilight mkabaki na hamu, ipo Hush, Hush ya Mmarekani Becca Fitzpatrick. Vitabu ni vinne: cha kwanza kilitoka 2009, cha mwisho, Finale, 2012.

Stori iko hivi. Nora, miaka 16, anaishi Maine. Darasani anapangwa kukaa na Patch, jamaa mkimya anayejua mambo yake mengi mno. Kumbe ni malaika aliyefukuzwa mbinguni! Anataka kuwa binadamu kamili, na njia aliyoipata ni kumuua Nora, kwa kuwa ni wa ukoo wa Chauncey, aliyelazimishwa kumwapia utii kule Ufaransa mwaka 1565.

Mwishoni anaghairi, anageuka malaika mlinzi wake. Nilifurahi, sikatai.

Ila tuseme ukweli. Nora alimwogopa, akaomba abadilishiwe kiti, mwalimu akakataa. Kitabu kinataka tuone woga ule ndio mapenzi yenyewe. Patch alibadilika kwa sababu mwandishi aliamua. Mtaani hakuna mwandishi. Dada, jamaa akikufuatilia mpaka unaogopa, usingoje aote mabawa. Waambie watu mapema.

Nyie mnaonaje?