Sonona ni Ugonjwa: Imani Haimkatazi Mwamini Kumeza Dawa



Wapendwa waamini, liko swali ambalo hutufikia sisi mapadre mara nyingi, tena kwa sauti ya chini, watu wengine wanapokuwa wamekwisha kuondoka kanisani: "Padre, je, ninapomeza vidonge vya sonona ninamkosea Mungu?" Anayeuliza huwa amekwisha kuambiwa mengi. Ameambiwa kwamba Mkristo mwenye imani ya kweli hakosi furaha, kwamba aongeze sala, kwamba vidonge hivyo ni vya vichaa, na kwamba akivianza hataviacha tena. Wengine wamekwisha kuvitupa. Kwa kuwa kuvitupa kunaweza kumgharimu mtu uhai wake, tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa mapana.

Sonona si huzuni ya kawaida. Anayefiwa hulia, lakini katikati ya matanga huweza kutabasamu anapomwona mjukuu, na siku zinavyopita machozi hupungua. Mgonjwa wa sonona hubanwa na uzito wa moyo, au hupoteza ladha ya kila alichokipenda, karibu kila siku, kwa muda wa wiki mbili au zaidi. Usingizi humkimbia alfajiri, au hulala kutwa bila kupumzika. Chakula hakipandi. Kazi ndogo humwelemea kama mlima, na mawazo ya kifo huanza kumzoea. Wapo wasemao huu ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri. Lakini Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi nao, na wengi wao hawana utajiri wowote. Katika familia zetu mara nyingi huja umevaa nguo nyingine: kichwa kisichopona, kifua kizito, moyo kwenda mbio, tumbo. Mgonjwa hupimwa malaria na taifodi mara tatu, mara nne, na hakuna anayemwuliza kama bado anatamani kuishi.

Dalili moja inatuhusu sana sisi tunaoketi katika kiti cha kitubio, nayo ni hisia ya hatia isiyo na kipimo. Mwamini huungama dhambi ileile iliyokwisha kuondolewa, juma hata juma, wala hapati amani. Padre mwenye busara atamhakikishia huruma ya Mungu, kisha atamwelekeza pia kwa daktari. Hatia inayozaliwa na ugonjwa haiponi kwa maondoleo, kwa sababu haikutoka katika dhambi.

Maandiko Matakatifu hayaoni aibu juu ya hali hii. Nabii Eliya, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, aliketi chini ya mretemu akaomba afe. Tutazame alivyotendewa. Mungu hakumkemea kwa uhaba wa imani, wala hakumtuma malaika amhubirie. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Kisha akaja mara ya pili na chakula kingine. Mwili ulitunzwa kwanza, ndipo ikafuata safari ya kwenda Horebu na sauti ya Bwana. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba mganga amewekwa na Mungu na kwamba dawa zatoka katika ardhi aliyoiumba Bwana, basi mwenye akili asizidharau. Sura hiyohiyo inamwagiza mgonjwa kusali na kumpa mganga nafasi yake. Yote mawili kwa pamoja.

Mama Kanisa ameendelea katika njia hiyo. Mwezi Novemba 2003 Mtakatifu Yohane Paulo II alizungumza na washiriki wa mkutano wa kimataifa ulioandaliwa mjini Vatikani kuhusu sonona. Alieleza kwamba ugonjwa huu daima ni jaribu la kiroho pia, akasisitiza wajibu wa kuwaonesha wagonjwa upendo wa Mungu. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko alisema wazi, katika kitabu cha mahojiano kilichotoka mwaka 2017, kwamba alipokuwa na umri wa miaka 42 alimwendea mtaalamu wa nafsi kila juma kwa miezi sita. Ikiwa padre aliyekuja kuwa Papa hakuona haya kusema hivyo, mwalimu wa shule au mama wa WAWATA aone haya ya nini?

Sasa tuzungumze juu ya dawa zenyewe, maana hapa ndipo maneno ya mitaani yanapozidi. Dawa za kwanza za aina hii zilipatikana bila kutafutwa: mnamo mwaka 1952, huko New York, wagonjwa wa kifua kikuu waliopewa iproniazidi walianza kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa. Leo zinazotumika sana katika hospitali zetu ni amitriptilini, ambayo ni ya zamani, na fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987. Chembe za fahamu katika ubongo hupelekeana habari kwa njia ya kemikali, mojawapo ikiitwa serotonini. Dawa hizi huifanya kemikali hiyo ikae muda mrefu zaidi kati ya chembe moja na nyingine. Wataalamu wenyewe wanakiri kwamba maelezo hayo peke yake hayatoshi, kwa kuwa kemikali hubadilika mapema ilhali nafuu hukawia.

Kukawia huko ndiko kunakowaangusha wengi. Panadoli humtuliza mtu kabla ya saa moja kuisha; dawa ya sonona huanza kuonesha nguvu yake baada ya wiki mbili hadi nne, na nafuu kamili huweza kuchukua wiki sita au nane. Maudhi, kwa upande wake, hutangulia. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo na kuleta usingizi, na kwa sababu hiyo hutolewa zaidi usiku. Fluoksetini huweza kuleta kichefuchefu, kuvuruga usingizi na kupunguza hamu ya tendo la ndoa, jambo ambalo wanandoa huliogopa kimya kimya badala ya kumwambia daktari, aliye na uwezo wa kubadili kipimo au dawa. Mgonjwa asipoelezwa haya, katika juma la pili atasema dawa imemdhuru bila kumsaidia, naye ataiacha.

Akipata nafuu huja kishawishi cha pili. Amepona, basi vidonge vya nini? Lakini matibabu huendelea kwa miezi 6 angalau baada ya dalili kwisha, na mara nyingi miezi 9 hadi 12, ili ugonjwa usirudi. Dawa hizi hazimletei mtu uraibu kama pombe au bangi zinavyofanya. Hata hivyo mwili huzizoea, na akiziacha ghafla huweza kupata kizunguzungu, wasiwasi, ndoto mbaya na hisia kama ya kupigwa shoti kichwani. Tumewasikia waamini waliokatazwa dawa katika makusanyiko ya maombezi, na dalili hizo zilipowajia wakaambiwa kwamba pepo amerudi. Tunasema kwa uwazi: hakuna mwombezi, awe mlei, mtawa au padre, mwenye mamlaka ya kumwachisha mgonjwa dawa. Aliyeponywa na Bwana arudi kwa daktari. Dawa itapunguzwa polepole, na shukrani yake kwa Mungu haitapungua kitu.

Pombe isichanganywe na dawa hizi. Mtu aliyewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, akikosa usingizi bila kuchoka na kutapanya fedha, amweleze daktari kabla ya kuanza, kwa maana ugonjwa wake huenda ni mwingine. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu katika majuma ya kwanza, kwani mawazo ya kujiua huweza kuongezeka kabla ya nafuu kuja. Na kwa kuwa amitriptilini ikizidishwa huua kwa kuudhuru moyo, ni vema ndugu mwaminifu aitunze na kumpa mgonjwa kwa siku. Sonona iliyo nyepesi, tuongeze, mara nyingi hutibiwa kwa ushauri nasaha bila dawa yoyote.

Yapo maswali madogo ya maisha ya sala. Wengine huacha vidonge vya asubuhi wakihofia mfungo wa Ekaristi; Sheria za Kanisa, kanuni ya 919, zinasema maji na dawa havivunji mfungo huo. Mgonjwa hafungwi na saumu ya Jumatano ya Majivu wala ya Ijumaa Kuu, na asiyeweza kuinuka kitandani Dominika hatendi dhambi. Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu, hivyo mwenye sonona nzito aombe bila kusita. Mikesha, pamoja na uzuri wake wote, haimfai mtu huyu. Alale.

Katika jumuiya ndogo ndogo tunayo hazina ambayo hatujaitumia vya kutosha. Mjini Harare, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda amewafundisha bibi wa mitaani kuketi kwenye benchi na kuwasikiliza wenye "kufungisisa", neno la Kishona lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, karibu sawa na sisi tunaposema mtu ana mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu kubwa. Hao bibi hawakuhubiri. Walisikiliza, wakamsaidia mtu kuchagua tatizo moja la kuanza nalo.

Tusilikwepe lililo zito zaidi. Zipo familia ambazo mgonjwa wao alijiua, nazo bado zinaamini kwamba Kanisa limemfungia mlango. Sheria ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kanisa waliojiua kwa kusudi. Sheria ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1184, haiwataji tena. Katekisimu, namba 2281 hadi 2283, inafundisha kwamba kujiua ni kinyume cha upendo wa Mungu, lakini pia kwamba misukosuko mikubwa ya nafsi hupunguza wajibu wa aliyetenda, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Familia hizo ziende kwa paroko wao, zitoe nia ya Misa na kulitaja jina la marehemu wao bila kunong'ona.

Anayeishi na dalili hizi aanzie kituo cha afya kilicho karibu. Akihitaji daktari wa magonjwa ya akili ataandikiwa rufaa ya kwenda hospitali ya mkoa. Anayewaza kujiua asingoje siku ya kliniki: apelekwe hospitali leo, na asiachwe peke yake njiani. Kama anaogopa kwenda, paroko au katekista amsindikize.