Watu wa Nakuru na Viti 14 vya Matatu (Sehemu ya Pili)

Wiki jana niliwaachia namba moja ya kutafuna: 2,162,202. Ndiyo idadi ya watu wa Kaunti ya Nakuru katika sensa iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti 2019: wanaume 1,077,272, wanawake 1,084,835 na watu huntha 95. Asiyeamini ajumlishe.

Leo tuipeleke steji. Makanga wa Njoro au Gilgil hulia "amebaki mmoja!" hata viti vitano vikiwa wazi. Je, tukiwapakia watu wote hao katika matatu za abiria 14, atabaki mtu?

Kugawanya kwa 14 ni kugawanya kwa 2, kisha kwa 7. Kwa 2 hakuna kazi, tarakimu ya mwisho ni shufwa. Hiyo 7 ndiyo iliyotutoa jasho shuleni, na sijui kwa nini walimu walituficha njia ya mkato. Igawe namba katika mafungu ya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia, kisha toa na ujumlishe kwa zamu: 202 − 162 + 2 = 42. Kwa kuwa 42 inagawanyika kwa 7, namba nzima nayo inagawanyika. Siri iko kwenye 1,001, ambayo ni 7 × 11 × 13. Elfu moja imepungukiwa na moja tu kuifikia, ndiyo maana fungu la maelfu tunalitoa, na la mamilioni tunalirudisha.

Jibu, basi: matatu 154,443, zimejaa zote, steji tupu. Ukileta mabasi madogo ya abiria 33, mambo yanabadilika. Hiyo 33 ni 3 × 11. Igawanye 42 ile ile kwa 11, inabaki 9; na kwa kuwa namba yetu na 9 zote zinagawanyika kwa 3, hata kwa 33 inabaki 9. Watu tisa wanalala steji.

Tukiivunja 2,162,202 kabisa tunapata 2 × 3 × 7 × 51,481. Hiyo ya mwisho ni namba tasa. Nilimaliza jioni nzima nikiijaribu kwa namba tasa 48, kuanzia 2 hadi 223; inayofuata ni 227, na 227 × 227 tayari imeipita. Mmeona pia kwamba 2 × 3 × 7 ni 42? Sadfa tupu, msiende kuichezea kamari.

Sasa tuseme mtoto mmoja alizaliwa kulipokucha, sensa ikiwa imeshampita. Tunapata 2,162,203. Kigawo cha pamoja cha namba mbili zinazofuatana lazima kigawanye pia tofauti yao, nayo ni 1. Kwa hiyo 2, 3, 7 na 51,481, vigawo vyote tulivyovitolea jasho, havifai tena hata kimoja. Matatu zetu zimejaa na abiria mmoja yuko nje.

Makanga hasumbuki. Huyo atapakatwa, halipi.