Mashua uani isiwe kiota cha mbu wa dengi

Bahari inapochafuka wakati wa kusi, familia nyingi za Pwani ya Kenya huvuta mashua na kuziweka ufuoni au uani. Mvua ya masika ikituama ndani, mbu wa homa ya dengi hupata pa kutagia. Mombasa ilikumbwa na ugonjwa huo mwaka 2013, 2017 na 2021.

Chini ya Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kuacha viluwiluwi vya mbu nyumbani ni kosa.

Mashua ndogo ipinduliwe kifudifudi. Kubwa iinamishwe upande mmoja, kizibo cha chini kitolewe, na turubai likazwe lisibonyee. Yai huwa mbu kwa takriban siku 7 hadi 10, hivyo mwaga maji kila wiki. Sugua pia kuta za ndani: mayai hugandama hapo na hustahimili ukavu kwa miezi, yakisubiri mvua.

Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo mtoto anayelala mchana atandikiwe neti. Akipata homa kali, mpeleke kituo cha afya. Usimpe aspirini wala ibuprofeni. Huongeza hatari ya kuvuja damu.