Njia ya Kando ya Mto katika Msitu wa Karura

Wasomaji wetu wa Kaniha, ninyi mjuao mapori ya Biharamulo, huenda mtastaajabu kusikia ya kwamba katika mji mkubwa wa Nairobi upo msitu ambamo mtu aweza kutembea kando ya mto. Ndio Karura, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na ukubwa wake wapata hekta 1,000.

Njia yenyewe ni fupi, hata watoto huiweza. Yafuata mto, yapita penye mapango ambayo yasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake, kisha yafika kwenye maporomoko ya maji. Hapo watu hupumzika.

Walakini yote haya yalikuwa karibu kupotea. Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa kwa siri ili zijengwe nyumba. Tarehe 8 Januari 1999 mama Wangari Maathai na wenzake walikwenda langoni kupanda mti. Mti tu! Wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Akaenda polisi kushitaki, akatia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Twaona ni hati chache duniani zilizoandikwa kwa wino huo.

Ujenzi ukakoma. Hata hivyo watu waliogopa kuingia, kwani wanyang'anyi walikuwamo. Ndipo ukazungushwa uzio, na mwaka 2011 njia zikafunguliwa kwa wote. Na baadhi ya walinzi walichaguliwa katika Huruma, mtaa wa maskini upakanao na msitu.