Pikipiki ya safari iliyotumika: Karatasi kwanza, injini baadaye

Mfanyabiashara wa kahawa anayepanda kila wiki kutoka Mbale kwenda Bududa au Sironko anajua kwamba Boxer ya boda boda ina mwisho wake. Kwenye lami inabeba watu wawili na gunia bila kulalamika. Mvua ya Aprili ikishanyesha na udongo mwekundu wa Mlima Elgon ukageuka utelezi, mwenye Boxer anashuka na kusukuma. Hapo ndipo watu huanza kuulizia pikipiki ndefu, yenye tairi kubwa la mbele, shoki zinazocheza sana na tangi la kwenda mbali. Mawakala wa malori wanaozunguka kati ya Malaba, Tororo na Mbale nao wanaziulizia, na mjini Jinja zinatafutwa na wanaotembeza watalii.

Mpya zipo, lakini bei yake ni ya gari dogo. Kwa hiyo wengi hununua iliyotumika, na katika biashara hii fedha hupotea zaidi kwenye makaratasi kuliko kwenye injini. Injini mbovu fundi ataifungua. Pikipiki ambayo ushuru wake haujalipwa, au iliyoibwa ng'ambo ya mpaka, hakuna fundi wa kuitengeneza.

ZINATOKA WAPI?

Njia ya kwanza ni minada ya miradi na mashirika. Kwa miaka mingi mashirika ya misaada, mabwana shamba na idara za afya mashariki mwa Uganda yametumia Yamaha DT125, AG100 na XTZ125, pamoja na Honda za jamii ya XL. Hizi si kubwa kama zile za kwenye majarida ya Ulaya, lakini ndizo pikipiki za safari ambazo nchi hii inazifahamu. Mradi unapofungwa huuzwa kwa mnada, na tangazo hutoka magazetini au hubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Mali ya serikali huuzwa kwa utaratibu wa sheria ya ununuzi na uuzaji wa mali ya umma ya mwaka 2003. Mwaka 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake na kulifunga shirika la USAID, miradi mingi nchini Uganda ilisimama ghafla. Anayetaka pikipiki ya mradi na afuatilie matangazo ya aina hiyo.

Njia ya pili ni wageni wanaopita. Jinja ni kituo cha wasafiri wanaovuka Afrika kwa pikipiki, na wapo wanaochoka safari au kuishiwa fedha wakaamua kuuza na kurudi kwao kwa ndege. Hapa ndipo utaona BMW F650GS, Honda Transalp, Africa Twin, Suzuki DR650 au Kawasaki KLR650, mara nyingi zikiwa na masanduku ya mizigo na namba za Ulaya au za Afrika Kusini.

Njia ya tatu ni Kenya. Nairobi ina soko kubwa la pikipiki za aina hii, zikiwemo Honda XR250 na Yamaha TW200. Bei yake humvutia mnunuzi wa Mbale, ambaye kutoka nyumbani hadi Malaba ni mwendo wa saa moja na kitu tu.

UKUBWA USIKUDANGANYE

Kabla ya kwenda mbali, neno moja juu ya ukubwa. BMW R1200GS au Africa Twin ya 1000 ina uzito unaozidi kilo 200 hata kabla ya mizigo. Ikilala kwenye tope njiani kwenda Bududa, peke yako huiinui. Kwa maoni yetu, kwa mtu anayefanya biashara mlimani pikipiki ya cc 125 hadi 250 inatosha na kuzidi. Zile kubwa zinamfaa anayekimbia lami ndefu, mathalani Jinja hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi na kuendelea Soroti, au anayewatembeza wageni wanaolipa kwa dola. Hata barabara ya Kapchorwa kwenda mpaka wa Suam, iliyosifika kwa matope kwa miaka mingi, imewekwa lami, kwa hiyo sababu ya kununua dude kubwa kwa ajili yake imepungua.

USHURU: SWALI LA KWANZA

Pikipiki ya mradi mara nyingi iliingia nchini kwa msamaha wa ushuru. Msamaha huo ulipewa mradi, haukupewa pikipiki. Chini ya sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, mali iliyosamehewa ikihamia kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Kwa hiyo siku ya mnada uliza mbele ya watu: bei hii ni pamoja na kodi au bila kodi? Jibu liwe limeandikwa. Bei inayoonekana ya bure mara nyingi ni bei isiyo na kodi.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme forodha imekadiria pikipiki kuwa na thamani ya shilingi 8,000,000 za Uganda, na kwa mfano huu tu tuseme ushuru ni 25%. Ushuru utakuwa 2,000,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo Uganda ni 18%, haihesabiwi kwenye 8,000,000 peke yake bali kwenye thamani pamoja na ushuru, yaani 10,000,000. Hiyo ni 1,800,000. Kodi ya zuio ya 6% kwa asiye na msamaha wake ni 480,000. Jumla ni 4,280,000, na bado hujagusa ada za usajili. Tena forodha ndiyo inayokadiria thamani, na si lazima ikubali ile bei uliyopata mnadani. Kiwango halisi cha siku hiyo mwulize wakala wa forodha mwenye leseni, maana viwango huguswa karibu kila bajeti ya Juni.

Kwa pikipiki ya mgeni, uliza habari ya karneti. Hii ni hati ya dhamana inayotolewa na chama cha waendeshaji magari cha nchi anakotoka, na huahidi kwamba pikipiki itatoka tena katika kila nchi inayoingia. Akikuuzia bila kuifunga hati hiyo forodhani, yeye atadaiwa dhamana yake kwao, na wewe utabaki na chombo ambacho kwa serikali bado ni cha mpita njia. Hata kama hana karneti, aliingia kwa kibali cha muda, na kibali cha muda hakiuziki. Njia iliyonyooka ni ninyi wawili kwenda forodhani pamoja na wakala, ushuru ukalipwa, kisha ndipo fedha zibadilishane mikono. Mgeni mwenye tiketi ya ndege ya kesho atakwambia hakuna muda. Mwache aende zake.

UKINUNUA KENYA

Wafanyabiashara wadogo wa Busia na Malaba wamezoea utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambapo shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili. Wengine hudhani pikipiki ya dola 1,800 kutoka Nairobi nayo itapita hivyo. Haipiti. Utaratibu huo ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na Honda iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Kenya kwa kukaa Kenya miaka sita. Vituo vya pamoja vya mpakani, kama kile cha Busia kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, vimepunguza foleni. Kodi haijapungua.

Pikipiki za Kenya hubeba namba zinazoanza na KM. Kabla ya kulipa, mwambie muuzaji atoe taarifa ya umiliki kutoka mfumo wa NTSA ukiwa umekaa naye hapo hapo. Taarifa hiyo itaonyesha jina la mwenyewe, na kama kuna benki au mkopeshaji anayeishikilia. Jina lililoko kwenye mfumo na kitambulisho cha anayekuuzia yasipolingana, usikubali hadithi ya shemeji aliyesafiri. Mpaka huu una njia nyingi za panya, na pikipiki ni mali inayovuka usiku kwa urahisi. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa Busia, kwa vijana wa baiskeli waliovusha abiria kutoka boda moja hadi nyingine.

Upande wa Uganda, kazi ya kusajili vyombo vya moto, iliyokuwa ya URA kwa miaka mingi, imehamishiwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi, lakini mambo ya ushuru yamebaki URA. Utahitaji namba yako ya mlipakodi. Logibuku, au kadi kama wasemavyo Watanzania, isomwe sambamba na namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, na namba ya injini. Pangusa vumbi na uzisome mwenyewe kwa kidole. Namba iliyosagwa, iliyogongwa upya kwa herufi zisizolingana, au iliyofunikwa na rangi mbichi, ni sababu tosha ya kuondoka.

SASA INJINI

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini kwa mkono. Ikiwa ya moto, kuna jambo alilotaka kulificha, kwa kawaida ugumu wa kuwaka asubuhi. Iwashe, ngoja dakika kadhaa, utazame moshi. Wa buluu maana yake injini inakula oili. Isipokuwa kwa DT125 na wenzake wa mipigo miwili, ambao huchoma oili pamoja na petroli kwa maumbile yao. Mweusi maana yake petroli inazidi. Mweupe usiokwisha, kwa injini inayopozwa kwa maji, ni maji yanayoingia ndani. Fungua pia kifuniko cha oili: ikiwa ya rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Mbale hili si la kupuuza, kwani usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito ilifurika mjini na katika vitongoji, na vyombo vingi vikazama. Pikipiki iliyozama ikafutwa vizuri nje hupendeza, kumbe nyaya zake zinaoza taratibu.

Kwenye pikipiki za safari, angalia zaidi pale mizigo inapofungwa. Masanduku ya pembeni na barabara ya murramu hupasua fremu ya nyuma. Tafuta ufa au alama ya kuchomelea chini ya kiti. Inua gurudumu la mbele na uzungushe usukani polepole. Ukikwama katikati kama unaingia kwenye shimo, beringi za shingo zimekwisha. Sukuma swingiamu kushoto na kulia, isicheze. Meno ya spoketi yakiwa yamechongoka kama ya papa, hesabu bei ya cheni na spoketi zote mbili. Gonga spoki moja moja: iliyolegea husikika.

BMW F650GS inajulikana kwa kuvuja kwenye sili ya pampu ya maji. Tazama kitundu kidogo chini ya pampu. Kwa pikipiki za kisasa zenye ufunguo wa chipu, dai funguo zote mbili. Ukipewa mmoja nao ukapotea Kapchorwa, pikipiki itarudi Mbale juu ya pikapu, na kutoka hapo huenda ikaendelea hadi Nairobi.

VIPURI NA TAIRI

Jambo hili wengi hulisahau mpaka siku ya pancha. Pikipiki nyingi za safari zina rimu ya mbele ya inchi 21 na ya nyuma ya inchi 18 au 17. Boxer haitumii 21, kwa hiyo duka la kawaida la boda boda halitakuwa na tairi wala tyubu yako. Lakini DT125 inatumia 21 mbele na 18 nyuma, na kwa kuwa imekuwa nchini miaka mingi, maduka yaliyohudumia miradi huwa na saizi hizo. Mwenye XR250 anaweza kujisaidia hapo. Mwenye pikipiki yenye tairi pana la nyuma lisilo na tyubu ataagiza Kampala au Nairobi na kusubiri.

Kadhalika na vipuri. BMW G310GS ilitengenezwa na TVS huko India, na TVS zimejaa mashariki mwa Uganda, lakini usidhani muuza vipuri wa TVS pale Mbale atakuwa na klachi yake. Kabla ya kununua, pita madukani na orodha fupi: klachi, breki pedi, kichujio cha oili, cheni, kebo. Ukikosa vitu vitatu kati ya vitano, mwambie muuzaji apunguze bei, au tafuta nyingine. Kabureta ina faida yake hapa, kwa sababu fundi wa kando ya barabara anaweza kuisafisha petroli chafu ikiiziba. Ukipanda Kapchorwa, juu ya mita 1,800, itavuta kidogo kwa uzito kwa sababu hewa ni nyepesi. Hilo si ubovu.

SIKU YA KULIPA

Mkataba uandikwe nakala mbili, wenye namba ya chesisi, namba ya injini, bei, tarehe na namba za vitambulisho vya wote wawili, ugongwe muhuri wa mwenyekiti wa LC1 wa pale mnapouziana. Lipa kwa benki au kwa simu ili kubaki na alama, na uzuie sehemu ya fedha hadi uhamisho wa umiliki ukamilike. Muuzaji mkweli hukubali, ingawa atanung'unika. Stakabadhi za ushuru zichukue halisi, si picha ya kwenye simu, kwani utakapotaka kuvuka Malaba na pikipiki hiyo, ndizo atakazoziulizia ofisa wa forodha, pamoja na bima ya kadi ya njano ya COMESA inayotambulika Kenya, Tanzania na Rwanda.