Tovuti isiyosomeka kwenye simu humfungia nani mlango?

Katika soko la Owino, mjini Kampala, mfanyabiashara anayehitaji namba ya mlipa kodi, maarufu kama TIN, halazimiki kupanga foleni ofisini. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, hupokea maombi hayo kupitia mtandao. Maombi ya pasipoti nayo huanzia huko huko. Hata hivyo, wengi wa wananchi wanaotarajiwa kutumia huduma za namna hii hawana kompyuta. Chombo chao ni simu ya mkononi, aghalabu yenye kioo kidogo.

Hapo ndipo usanifu wa tovuti unapogeuka kuwa suala la haki. Tovuti iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya mezani pekee, ikifunguliwa kwenye simu, herufi zake huwa ndogo kama punje za ulezi. Msomaji hulazimika kuzikuza kwa vidole, kisha kuusogeza ukurasa kushoto na kulia ili amalize sentensi moja. Kitufe cha kutuma fomu huweza kubaki nje ya kioo, asikione kabisa. Akishindwa, humlipa mtu mwingine amjazie fomu hiyo, na kumkabidhi namba ya kitambulisho chake pamoja na neno lake la siri.

Dawa ya tatizo hili imejulikana kwa miaka mingi. Mwezi Mei 2010, msanifu wa tovuti kutoka Marekani, Ethan Marcotte, aliandika makala iliyoeleza namna ukurasa mmoja unavyoweza kujirekebisha kulingana na chombo kinachoufungua. Njia yake ina nguzo tatu. Kwanza, upana wa sehemu za ukurasa hupimwa kwa asilimia ya nafasi iliyopo, si kwa vipimo visivyobadilika. Pili, picha hujipunguza zisizidi nafasi hiyo. Tatu, tovuti huwekewa masharti: kioo kikiwa chembamba, safu zilizokuwa sambamba hupangwa moja chini ya nyingine. Anwani ni moja na maandishi ni yale yale. Kinachobadilika ni mpangilio.

Lakini kuenea kwenye kioo pekee hakutoshi. Picha kubwa inayoonekana ndogo kwenye simu huweza kubaki na uzito wake wote inapopakuliwa, na uzito huo hulipiwa. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa watumiaji wa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018 iliondolewa mwaka 2021, na mahali pake pakawekwa ushuru wa asilimia 12 kwa vifurushi vya intaneti. Mwenye kifurushi cha megabaiti 50 akifungua kurasa kumi zenye megabaiti 5 kila mmoja, kifurushi chake kimekwisha. Kwa hiyo msanifu makini huandaa picha nyepesi kwa ajili ya simu, na huhakikisha kuwa maandishi yanatangulia kuonekana kabla ya mapambo.

Kwa wasomaji wa Kiswahili nchini Uganda, liko jambo jingine. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliitambua lugha hii kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wanaoitegemea katika kusoma bado ni wachache. Tovuti yenye lugha kadhaa huweza kuonyesha jina la Kiswahili juu ya ukurasa kwenye kompyuta, kisha ikalificha ndani ya menyu kwenye simu. Msomaji asiyejua pa kubonyeza ataamini kwamba hakuandikiwa chochote.

Mwenye tovuti anaweza kuipima kazi yake bila gharama kubwa. Aazime simu ya bei nafuu, azime Wi-Fi ya ofisini, atumie kifurushi cha kawaida, kisha ajaribu kujaza fomu yake mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho kwa kidole gumba kimoja. Aongeze ukubwa wa herufi kama afanyavyo mzee mwenye macho hafifu, na aigeuze simu ikae kwa upana. Mahali atakapokwama yeye, ndipo mfanyabiashara wa Owino alipokwama kabla yake.